Kabla ya Panga, Simu: Kumtafuta na Kumpiga Picha Kipepeo Mdogo wa Masika

Mazungumzo haya yalitolewa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi katika kikao cha wakazi kuhusu utunzaji wa mazingira, katika kaunti ndogo ya Ganze, wiki chache baada ya mvua za masika kuanza. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wa Kaunti ya Kilifi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze kuhusu kipepeo. Najua wapo wanaojiuliza kwa nini tumeacha kupanda mahindi mvua ikinyesha tukaja kuzungumzia mdudu. Naomba mnivumilie kidogo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha mtaona kwa nini nimekuja.

Nilipostaafu ualimu nilirudi nyumbani nikaanza kusafisha shamba. Nyuma ya zizi la mbuzi palikuwa na kichaka kimoja, urefu wake kama mtu mzima, chenye majani madogo na maua meupe yenye nyuzinyuzi. Sikujua jina lake na sikuuliza. Niliona kinaficha nyoka na kinachukua nafasi, nikamlipa kijana mmoja akakikata chote.

Masika yalipofika, mjukuu wangu wa gredi ya tano alirudi kutoka shuleni na kazi ya kupiga picha wadudu wanne wanaopatikana nyumbani. Akaniambia, "Bibi, nipe simu twende nyuma ya zizi. Kuna wale vipepeo weupe wenye ncha za rangi ya chungwa." Tukaenda. Tulikaa pale asubuhi nzima. Tuliwaona sisimizi, panzi na nzi wa mbuzi. Kipepeo hatukumwona hata mmoja. Mtoto akaniuliza, "Bibi, wameenda wapi?"

Mimi nimefundisha sayansi miaka mingi, na siku hiyo sikuwa na jibu. Nilianza kuuliza, kusoma na kutembea na simu yangu vichakani. Haya nitakayowaambia leo ndiyo niliyojifunza tangu wakati huo.

Ni kipepeo gani huyu?

Kenya ina takriban aina 900 za vipepeo. Msitu wetu wa Arabuko-Sokoke peke yake una zaidi ya aina 250. Siwezi kuwafundisha wote, na mimi mwenyewe siwajui wote. Ninayemzungumzia leo ni wa kundi ambalo wataalamu huliita Colotis. Katika kundi hilo wamo wa aina kadhaa, na wengi wao hupenda nchi kavu yenye vichaka kama hii yetu ya Ganze, Bamba na pande za Magarini. Mmoja wao anayepatikana sehemu nyingi za Afrika ni Colotis evagore.

Huyu ni mdogo. Akikunjua mabawa yote, upana wake ni kama sentimita 3 hadi 4, yaani karibu upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Mabawa yake ni meupe. Kwenye pembe ya juu ya bawa la mbele kuna doa la rangi ya chungwa lililopakana na rangi nyeusi, kana kwamba mtu amemchovya ncha ya bawa ndani ya rangi. Dume ndiye mwenye doa lililokolea. Jike mara nyingi ana weusi zaidi na chungwa lake limefifia. Wapo pia ndugu zao wenye ncha nyekundu, na wengine wenye ncha za zambarau.

Msimchanganye na yule kipepeo mkubwa ambaye mwili wote wa mabawa ni rangi ya chungwa, na ncha zake ni nyeusi zenye madoa meupe. Huyo ni Danaus chrysippus. Ukubwa wake ni kama mara mbili, na huruka polepole bila wasiwasi kwa sababu ndege wanajua kwamba ladha yake ni mbaya. Wala msimchanganye na wale weupe wanaopita wakati mwingine kwa maelfu, wote wakielekea upande mmoja. Wengi wa wale huwa ni Belenois aurota. Wetu wa leo hasafiri kwa makundi. Huzunguka kichaka chake na njia yake.

Kuna jambo moja lililonichanganya sana mwanzoni, na nadhani litawachanganya na ninyi. Kipepeo huyu ana nguo mbili. Anayezaliwa wakati wa mvua huwa na alama nyeusi nyingi na nzito juu ya mabawa. Anayezaliwa wakati wa kiangazi huwa na weusi mdogo tu, na upande wa chini wa mabawa yake huwa na rangi ya mchanga au ya udongo mwekundu uliofifia. Akikunja mabawa na kutulia kwenye majani makavu, humwoni. Nilikuwa na picha ya mwezi wa Februari na nyingine ya mwezi wa Mei, nikaapa kwamba ni aina mbili. Nilifarijika kusikia kwamba hata wataalamu wa zamani waliwahi kuyapa majina tofauti mavazi ya kipepeo mmoja.

Uingereza wana kipepeo anayefanana sana na huyu, Anthocharis cardamines. Naye ni mweupe, na dume lake lina ncha za chungwa. Kule hutokea zaidi mwezi wa Aprili na wa Mei, na watu hutoka na kamera kwenda kumtafuta mashambani kwa sababu kumwona ni dalili kwamba baridi imekwisha. Sisi hatuna theluji ya kuisubiri iyeyuke. Majira yetu hufunguliwa na mvua. Wiki chache baada ya mvua kuanza, vichaka vikichipua majani mapya, ndipo wetu huongezeka. Kwa hiyo siku hizi tulizo nazo ndizo siku zake.

Kichaka ndiyo nyumba yake

Kipepeo mkubwa hunywa maji matamu ya maua, na maua ni mengi. Shida iko kwa kiwavi. Kiwavi wa kipepeo huyu hali kila jani. Hula mimea ya jamii moja ndogo, hasa ile ambayo wataalamu huiita Maerua, Cadaba, Boscia na Capparis. Jike huzunguka akitafuta mmea huo, akishaupata hutaga yai juu ya jani au chipukizi. Kiwavi akitoka huwa wa kijani kama jani lenyewe, hula, hukua, kisha hugeuka pupa, na kutoka katika pupa hutoka kipepeo. Mmea huo usipokuwepo, jike hana pa kutaga. Maua yawe mengi namna gani, hayatamsaidia.

Kile kichaka nilichokikata nyuma ya zizi kilikuwa Maerua. Mtakitambua kwa maua yake. Maua hayo hayana fahari ya petali kubwa kama maua ya bustanini. Kinachoonekana ni nyuzi nyingi nyembamba nyeupe zilizotawanyika kama brashi. Cadaba nayo mara nyingi ina majani madogo yanayoelekea rangi ya kijivu. Majina ya mimea hii kwa lugha zetu yanatofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo sitawapa jina moja. Chukueni tawi dogo au picha, muwapelekee wazee. Mzee aliyechunga mbuzi utotoni atakuambia jina lake na matumizi yake hapo hapo.

Nimetaja mbuzi kwa sababu maalumu. Wafugaji mliopo hapa mnajua kwamba vichaka hivi hubaki na majani wakati nyasi zimekwisha. Katika ukame uliotubana kati ya mwaka wa 2020 na 2022, mbuzi wengi walishikilia maisha kwa majani ya vichaka ambavyo mtu wa mjini angeviita magugu. Kwa hiyo kichaka kinachomlea kiwavi ndicho hicho hicho kinachomshikilia mbuzi mwezi ule mgumu.

Saa za kumtafuta

Huyu huruka chinichini, kati ya goti na kiuno, kando ya vichaka na njia za miguu, na huruka haraka. Ukimkimbiza hutampata. Mimi nilimkimbiza siku tatu, nikapata picha kumi na tisa za majani matupu.

Saa nzuri ya kwanza ni asubuhi, jua likishapanda kidogo. Kipepeo hana joto lake mwenyewe la kutosha. Lazima aote jua kwanza ndipo misuli ya mabawa ifanye kazi vizuri. Wakati huo hukaa juu ya jani au juu ya mchanga na kufungua mabawa, na ndipo utaona lile doa la chungwa. Saa ya pili ni jioni kabla jua halijazama, anapotafuta mahali pa kulala. Kati ya hizo mbili, katikati ya mchana, huwa na nguvu nyingi na hatulii.

Kuna nafasi nyingine ambayo watu huipuuza. Siku ya mawingu na jua la vipindi, mtazame anaporuka. Wingu likifunika jua, mara nyingi hutua hapo hapo na kukunja mabawa. Weka macho pale alipotua, usiyatoe, kisha mkaribie.

Tazameni pia mahali penye mchanga wenye maji baada ya mvua, kama kando ya silanga au njia ya ng'ombe. Vipepeo madume hukusanyika hapo kunyonya chumvichumvi iliyomo katika maji ya udongo. Wakiwa wanakunywa huwa watulivu kuliko wakati wowote.

Jinsi ya kumpiga picha kwa simu

Hamhitaji kamera ya bei kubwa. Picha zangu zote nimezipiga kwa simu ya kawaida. Mambo ni haya.

Kwanza, futa lenzi. Simu zetu hukaa mfukoni pamoja na sarafu na jasho. Kipande cha leso safi kitaboresha picha zako kuliko simu mpya.

Pili, angalia jua liko wapi kabla ya kusogea. Kivuli chako kikimwangukia kipepeo, atadhani ni ndege na ataondoka. Mjie kutoka upande ambao kivuli chako kinabaki nyuma yako au kando.

Tatu, jishushe. Usimsimamie kwa juu. Chuchumaa ukiwa bado mbali, halafu sogea kidogo kidogo, ukisimama kila baada ya hatua moja. Usitikise tawi alilokalia. Akina mama wenye leso, ikunjeni vizuri isipeperuke.

Nne, piga picha ya kwanza ukiwa mbali, hata kama atatoka mdogo. Ukimkosa baadaye, angalau una ushahidi. Kisha sogea upige ya pili, sogea tena upige ya tatu. Usitumie ile njia ya kuvuta picha kwa vidole kwenye kioo, kwa maana simu nyingi huikuza picha tu na kuiharibu. Sogea kwa miguu, na picha utaikata baadaye.

Tano, gusa kioo cha simu pale alipo kipepeo ili lenzi ilenge hapo. Simu hupenda kulenga jani la nyuma. Ukiwa karibu sana na simu ikakataa kulenga, rudi nyuma kiasi cha shibiri moja.

Sita, shika simu iwe sambamba na mabawa. Mabawa yakiwa yamekunjwa, mpige kutoka ubavuni. Yakiwa yamefunguliwa, mpige kutoka juu. Ukimpiga kwa mshazari, nusu yake itaonekana vizuri na nusu itakuwa na ukungu.

Saba, jitahidi upate pande zote mbili, juu ya mabawa na chini yake. Kwa vipepeo hawa wa nguo mbili, upande mmoja pekee hautoshi kumjua kwa uhakika. Halafu piga picha ya mmea aliokalia, na maua yake kama yapo.

Watoto, naomba mnisikilize. Hatumshiki. Mabawa yake yamefunikwa na magamba madogo sana, na ule unga unaobaki vidoleni ndio rangi yake. Hayaoti tena. Hatumtii kwenye chupa wala kwenye jokofu ili atulie. Picha ya kipepeo aliyeharibiwa haina sifa yoyote.

Picha ikishapatikana

Picha bila tarehe na mahali ni pambo. Ukiwa na tarehe, saa, mahali na jina la mmea, inakuwa kumbukumbu. Andika katika daftari ya mkono kama huna intaneti: "Tarehe fulani, saa mbili asubuhi, kando ya njia ya kisimani, vipepeo wanne, mvua ilinyesha jana." Mtoto anaweza kuandika hivyo na mtaalamu akaitumia.

Wenye intaneti wanaweza kutumia programu ya bure iitwayo iNaturalist. Unapiga picha hata mahali pasipo na mtandao, na ukifika penye mtandao unaipakia. Programu itakupa dhana ya jina, halafu watu wenye ujuzi kutoka sehemu mbalimbali za dunia wataitazama na kuithibitisha au kuisahihisha. Msikimbilie kuamini jina la kwanza, hasa kwa hawa wenye mavazi mawili. Na kwa usalama wenu, kama picha imepigwa nyumbani, chagueni njia ya kuficha mahali kamili. Programu inaruhusu.

Usalama na adabu

Vaeni viatu vilivyofunika miguu. Kifutu hulala kimya chini ya majani na hakimbii mtu anapokuja. Mtu anayetazama kipepeo haangalii anapokanyaga, kwa hiyo simameni, tazameni chini, kisha sogeeni. Watoto wasiende peke yao.

Arabuko-Sokoke ni msitu wa hifadhi na una ndovu. Usiingie kiholela kwa sababu ya picha. Pitia langoni, fuata masharti, tembea na muongozaji. Kukusanya wadudu humo bila kibali hakuruhusiwi.

Makaya yetu nayo yana utaratibu wake. Mwaka wa 2008 misitu ya makaya ya Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini kabla ya hapo wazee walishaitunza kwa miiko vizazi na vizazi. Usiingie na simu bila idhini ya wazee wa kaya. Shamba la jirani pia, piga hodi kwanza.

Kwa nini tujisumbue?

Sitawaambia kwamba kipepeo huyu atawajazia ghala. Nawaheshimu mno kuwadanganya. Kwetu Kilifi tunajua kwamba vipepeo wengine wameleta fedha. Mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka wa 1993 pale Gede umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga viwavi na kuuza pupa zinazosafirishwa hadi kwenye maonyesho ya vipepeo hai Ulaya na Marekani. Lakini wanunuzi wa kule hupenda wale wakubwa wa msituni. Huyu mdogo wetu wa vichakani hana bei.

Anachotupa ni habari. Akiwepo, kichaka chake kipo, na majani mapya yapo. Ndege wanaolisha makinda yao viwavi wana chakula. Akikosekana masika baada ya masika mahali alipozoea kuwa, kuna kitu kimebadilika, na mara nyingi kitu hicho ni sisi: makaa, kuni, au kusafisha mpaka wa shamba kama nilivyofanya mimi.

Tena kuna jambo la haki yetu. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinataka umma uhimizwe kushiriki katika kuyasimamia na kuyahifadhi. Tunapoitwa kutoa maoni kuhusu mradi wa barabara, machimbo au shamba kubwa, mara nyingi tunasimama na kusema, "Hapa palikuwa na viumbe wengi." Tunaulizwa wako wapi, tunabaki kimya. Mtu mwenye daftari ya miaka mitatu, yenye tarehe na picha, hawezi kunyamazishwa kwa urahisi. Picha ya mdudu wa sentimita tatu inaweza kuwa sehemu ya ushahidi huo.

Ombi langu

Nawaomba mambo matatu tu.

La kwanza, kabla ya kukata kichaka cha kienyeji, kitazame kwanza masika moja. Kaa nacho asubuhi mbili tatu. Piga picha kinachokitembelea. Ukiona bado ni lazima ukikate, kate, shamba ni lako. Lakini ujue unachokata.

La pili, kama unaweza, acha kona moja. Mpaka wa shamba, nyuma ya zizi, kando ya njia ya maji. Na ukikata kuni, usichimbue kisiki.

La tatu, chagua mahali pamoja, upatembelee mara moja kwa mwezi na kuandika ulichokiona. Hata usipoona kitu, andika kwamba hukuona. Hiyo nayo ni habari.

Nimalizie na mjukuu wangu. Yule kijana aliyenikatia kichaka hakuwa amechimbua kisiki. Kilichipua. Nilikizungushia miiba mbuzi wasikifikie, na mwaka wa kwanza hakukuwa na kitu. Masika ya pili tulikuta kiwavi mmoja wa kijani juu ya jani. Mjukuu wangu ndiye aliyemwona, maana macho yangu hayatoshi tena. Tulimpiga picha kila siku alipotoka shuleni, mpaka siku tuliyomkuta amekuwa pupa, halafu asubuhi moja tukakuta ganda tupu. Kipepeo mwenyewe alipotoka hatukumwona. Lakini siku nne baadaye palikuwa na mmoja, mweupe, mwenye ncha za chungwa, amekaa juu ya kichaka akiota jua. Picha ile haikutulia vizuri kwa sababu mkono wa mtoto ulitetemeka. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote.



Maswali ya wakazi

*Swali: Mwalimu, viwavi si ndio wanaokula mahindi yetu? Tukiwatunza, si tutajiletea njaa?*

Jibu: Swali zuri sana. Kiwavi anayeshambulia mahindi ni wa nondo, na mahindi ni chakula chake. Huyu wa kichakani hula mimea ya jamii niliyoitaja tu. Ukimtia kwenye shina la hindi atakufa njaa. Msiwahukumu viwavi wote kwa kosa la mmoja.

*Swali: Nikinyunyiza dawa ya mahindi kando ya kichaka hicho, kuna shida?*

Jibu: Dawa nyingi za wadudu hazichagui. Upepo ukiipeleka kichakani, itaua na hao, pamoja na nyuki wanaochavusha mimea yako. Nyunyiza kukiwa hakuna upepo, fuata maelezo ya kipimo, na muulize afisa wa kilimo kama kuna njia nyingine.

*Swali: Sina simu ya kupiga picha. Nifanyeje?*

Jibu: Una macho na kalamu. Chora bawa, andika rangi ziko wapi, andika tarehe na mahali. Watu walijua vipepeo kabla simu hazijakuwepo. Na kama jirani yako ana simu, mwite mwende pamoja. Mmoja atazame kipepeo, mwingine atazame nyoka.